Nywele za Anujin Ndani ya Felti

Enhzul alikuwa na tabia moja iliyomkera mama mkwe wake kuliko hata kuchelewa kuamka: hakuweza kufanya kazi yoyote ya mikono bila kumtazama mama huyo usoni. Akitia chumvi kwenye chai, anamtazama. Akifunga kamba ya ndama, anamtazama. Hivyo hivyo miaka mitano, na uso wenyewe haukuwa na la kumwambia, kwa sababu Mama Dulmaa ni wa wale ambao hata wakifurahi hutajua mpaka wakuongezee nyama kwenye bakuli.

Tusimlaumu sana. Enhzul ni mtoto wa mjini, baba yake fundi wa redio na mama yake mshonaji. Alimpenda Ganzorig kwenye mbio za farasi, akamfuata malishoni na masanduku mawili na cherehani, na wakwe walipomuuliza kama anajua kukama akasema anajua. Ng'ombe wa kwanza alimpiga teke akaangukia ndoo. Jirani yao Tsermaa anasimulia kisa hicho mpaka leo, na kila mwaka lile teke linazidi kuwa kubwa.

Kukama alijifunza. Alijifunza pia kukausha maziwa ya mgando, kuhamisha hema kwa nusu siku, kumlaza mtoto huku upepo unapiga mlango. Kazi moja tu ndiyo hakuwahi kuachiwa, nayo ni kutandika felti, lile zulia zito la sufu iliyoshikamana bila kufumwa. Kupiga sufu kwa fimbo mpaka ifunguke, hiyo anaiweza yeyote mwenye mikono miwili. Kutandika ni habari nyingine. Unalaza felti kuukuu chini, ile inayoitwa mama, kisha juu yake unapanga sufu mpya, tabaka tatu, konzi kwa konzi. Unailowesha, unaikunja pamoja na mama yake kwenye gogo, na farasi anaiburuta nyikani mpaka ishikamane. Inayotoka huitwa binti. Binti akiwa mzuri, mwakani anakuwa mama. Akiwa na mashimo, anaenda kulaliwa na wanakondoo, na kila mgeni anayepita zizini anajua nani alitandika.

Kwa miaka thelathini, mama wote wa felti katika ukoo ule walitoka mkononi mwa Dulmaa. Mwaka huu vidole vyake vilikuwa vimevimba vifundo kama tangawizi. Majani yalipoanza kukauka na kondoo kunyolewa manyoya mafupi ya mwisho wa kiangazi, alimwita mkwewe.

"Safari hii utatandika wewe," akasema.

"Mimi, Mama?"

"Kuna mwingine humu? Mimi sigusi hata unyoya."

Enhzul hakulala vizuri siku tatu. Mumewe alimtania kwamba anapiga sufu hata usingizini, lakini yeye alikuwa anawaza ile felti ikifunguliwa mbele ya watu, na Tsermaa akiweka mkono kiunoni. Alimtaka binti yule atoke mzuri. Alitaka, angalau mara moja, kitu kilichotoka mkononi mwake kiwekwe chini ya kazi ya mwaka unaofuata.

Na kana kwamba hilo halitoshi, wiki ile ile ilikuwa ya nywele za Anujin. Binti yao alikuwa anatimiza miaka minne, na kichwa chake hakijawahi kuguswa na mkasi. Wasichana hukatwa nywele za kwanza wakiwa na miaka miwili au minne, na mwaka wa pili uliwapita kwa sababu Mzee Choijav, kaka yake Dulmaa, alikuwa mgonjwa. Yeye ndiye aliyezaliwa mwaka ambao, kwa kalenda yao ya wanyama, unapatana na wa mtoto. Ndiye wa kufungua, yaani kukata wa kwanza. Sasa amepona, na alikuwa njiani, mwendo wa siku mbili. Mkasi ulishafungwa kitambaa cha hariri cha buluu, ukawekwa juu ya kabati, mahali ambapo mtu mzima yeyote angeapa kwamba mtoto hafiki.

Siku ya felti kulikucha na umande ulioganda kwenye nyasi. Tsermaa alikuja na mumewe na fimbo zao, wakapiga sufu mpaka ikapanda kama povu. Dulmaa akaleta mama, akamtandaza mwenyewe, akamnyunyizia maziwa, kisha akaenda kukaa kando na mikono yake ndani ya mikono ya joho.

Enhzul akatandika. Konzi moja, akamtazama mama mkwe. Konzi ya pili, akamtazama.

"Sufu iko chini," Dulmaa akasema. "Hapa usoni pangu kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mama."

"Basi."

Tabaka la kwanza likaisha, la pili likaisha, na mgongo wa Enhzul ulikuwa unawaka. Wakati huo Tulga, mtoto wa mwisho, wa miezi kumi, akaanza kulia ndani ya hema. Alikuwa amefungwa kwa mshipi kwenye mguu wa kitanda, kama watoto wote wanaoanza kusimama, asifike kwenye jiko. Enhzul akaenda kumnyonyesha. Wengine wakageukia chai. Alikaa ndani kwa muda wa kunyonyesha titi moja na nusu, na aliporudi alikuta pembe ya kaskazini imeshawekewa tabaka la tatu, imejaa vizuri. Akadhani ni Tsermaa kaamua kusaidia. Alikasirika kidogo, akameza, akamalizia sehemu iliyobaki.

Wakalowesha, wakakunja, wakafunga kwa ngozi mbichi. Ganzorig akapanda farasi na kamba mkononi.

"Taratibu," Tsermaa akamwambia. "Usiende kama siku ile unachumbia."

"Siku ile nilienda haraka nikapata mke. Leo nikienda taratibu nitapata nini?"

"Utapata felti, na huyu mkeo haendi kwao akinuna."

Farasi akaondoka na gogo likabingirika nyuma yake. Enhzul akaingia hemani kuchukua siagi, na hapo ndipo alipomkuta Anujin amesimama juu ya sanduku lililopandishwa juu ya sanduku lingine, mkasi mkononi, anajaribu kuurudisha juu ya kabati, hariri ya buluu inaning'inia. Upande wa kulia nywele zilimfika kiunoni. Upande wa kushoto zilikomea sikioni.

Enhzul aliketi chini palepale.

"Umefanya nini?"

"Nimenyoa," Anujin akasema.

"Nywele ziko wapi?"

"Nimeweka kule. Kondoo wote wametoa, mimi sijatoa."

"Kule wapi, mwanangu?"

Mtoto akaonyesha mlangoni, kule farasi alikokuwa anazidi kuwa mdogo.

Hofu Enhzul aliijua vizuri. Lakini hii ilikuwa mbili kwa pamoja. Akipiga kelele, watamsimamisha farasi, watafungua, na sufu iliyokwisha kulowa haitandikwi mara ya pili. Felti imekufa. Akinyamaza, nywele ambazo Mzee Choijav anazijia kwa siku mbili zimo ndani ya kitu kitakacholazwa chini na kukaliwa na matako ya watu. Alifikiria kutoka. Akafika mpaka mlangoni. Halafu akarudi, akamfunga Anujin kilemba, akamwambia asikivue, na akajidharau kwa jinsi mikono yake ilivyokuwa myepesi katika kuficha.

Saa zile alikunywa chai bila kuonja. Kila Tsermaa alipocheka, aliona ni yeye anayechekwa. Mara mbili Dulmaa alimtazama yule mtoto na kilemba chake, na mara zote mbili Enhzul alianza kueleza jambo lisilohusika, la ndama.

Alasiri gogo likarudi. Wakalifungua wote wakiwa wamepiga magoti, na binti akatoka: mweupe, mzito, hana shimo hata moja. Mume wa Tsermaa akapitisha kiganja, akaguna kwa kuridhika. Enhzul hakuona weupe wowote. Alikuwa anaiangalia pembe ya kaskazini, ambako chini ya sufu kulikuwa na kivuli kirefu, na nyuzi nyeusi chache zimechomoza juu.

"Ala," Tsermaa akasema. "Mbuzi gani huyu kaingia?"

Anujin, ambaye hajui kuficha kitu, akavua kilemba na kusema ni yeye.

"Nilijua," Enhzul akasema. Sauti ilimtoka ndogo. "Nilijua tangu farasi anaondoka. Ningeweza kuwaita, sikuwaita. Niliitaka felti."

Alingoja. Ganzorig alishuka farasi akasimama bila kujua aweke wapi mikono. Dulmaa aliinuka kwa shida, akaja mpaka kwenye ile pembe, akainama.

"Wewe ulijua ikiwa imeshafungwa," akasema. "Mimi nilijua kabla haijafungwa."

Enhzul alikumbuka ile pembe iliyojazwa. Akamgeukia Tsermaa.

"Hukuiweka wewe?"

"Mimi nilikuwa na chai. Naanzaje kugusa kazi ya mtu?"

Akaitazama mikono ya mama mkwe wake, ile ambayo siku hizi haiwezi hata kufunga kifungo cha joho, na akaelewa ilifanya nini wakati yeye ananyonyesha. Konzi kwa konzi, pembe nzima.

"Uliwezaje, Mama?"

"Iliuma," Dulmaa akasema. "Nilimkuta ameshaziweka, amezipanga vizuri kuliko wewe. Nikizitoa, natoa na sufu yako. Na wewe ungekuja, ungenitazama usoni, ungeona, ungefumua yote. Nakujua. Sasa ondokeni, mnaikanyaga."

Enhzul alilia, na hakujificha. Tsermaa alitaka kusema neno la kuchekesha, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaliacha.

Kesho yake Mzee Choijav akafika. Dada yake hakumzungusha. Alimshika mkono akampeleka mpaka kwenye felti, akamwambia yote. Mzee alikunja uso. Alikuwa amepanda farasi siku mbili na kiuno chake kilimwambia hivyo.

"Kwa hiyo kuna mtu amenitangulia," akasema.

"Mwenye kichwa mwenyewe," Dulmaa akajibu.

Mzee akamwita Anujin, akamgeuza huku na huku kama mtu anayenunua mwanafarasi. "Huyu aliyekukata hajui kazi," akamwambia. "Mbona ameacha upande mmoja?"

"Mkono ulichoka," Anujin akasema.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Akauchukua mkasi wenye hariri, akakata upande wa kulia, akaweka nywele ndani ya kitambaa cha buluu, akamtakia maisha marefu na kumpa mwanakondoo jike mwenye doa kwenye jicho moja. Wageni waliokuja kwa sherehe wakafuata mmoja mmoja, kila mtu akakata kidogo. Mwishowe kichwa kilibaki kama cha mtawa mdogo wa Kibudha, na mwenyewe alikwenda kujitazama kwenye ndoo ya maji.

Wageni walipoondoka ilikuwa imebaki sufu ya felti moja ndogo. Ganzorig akaenda kumchukua mama wa zamani ili amtandaze.

"Mwache huyo," Dulmaa akasema. "Mpeleke kwa wanakondoo."

"Wa zamani? Huyu ni wako, Mama, wa mwaka wa—"

"Najua ni wa mwaka gani. Mtandaze yule wa jana."

"Ina nywele," Enhzul akasema.

"Kwani nimesema sijaziona?"

Wakamtandaza. Dulmaa akamnyunyizia maziwa, kisha akaenda kuketi mlangoni pa hema, akamfungua Tulga mshipi na kumsimamisha katikati ya magoti yake. Enhzul akachota konzi ya kwanza ya sufu, akailaza kwenye pembe ya kaskazini, juu ya vile vinyweleo vyeusi. Akalaza ya pili. Akalaza ya tatu. Alikuwa amefika katikati ya mstari alipogundua kwamba hajainua macho hata mara moja.

Hapo akainua. Mama mkwe wake hakuwa anamwangalia. Alikuwa amenyoosha vile vidole vyake mbele ya mtoto bila kumshika, anamngoja aachie magoti.