Mgogo Asiyetaniwa

Evelina wa Mvumi ana mdomo, na mdomo huo ndio unaomlisha. Kazi yake ni kuwatafutia watu wenye ulemavu ajira hapa Dodoma, kisha kukaa nao kazini siku za mwanzo mpaka wazoee. Akimkamata mwenye karakana hamwachii mpaka aseme ndiyo, hata kama ndiyo yenyewe ni ya kumwondoa mlangoni.

Ndivyo alivyomwingiza Bartolomayo kwenye karakana ya fenicha ya fundi Octavian, Chang'ombe. Kijana huyu alizaliwa na mtindio wa ubongo: mkono wa kushoto mzito, maneno yanatoka polepole, lakini akili, wee! Mpe msasa na mguu wa kitanda uone. Octavian akakubali kumjaribu mwezi mmoja.

Sasa Evelina, kwa kuogopa kijana wake asije akaonewa, siku ya kwanza tu akawakusanya mafundi akawapiga semina. Hakuna kumcheka. Hakuna kumtania. Hakuna kumfokea. Na jamani, wakatii kweli! Karakana nzima hutaniana tangu asubuhi, na Octavian, Mhehe wa Iringa, ndiye kinara wao. Lakini akifika kwa Bartolomayo sauti inashuka kama ya mtu aliyekwenda kumwona mgonjwa. "Pole na kazi, mwanangu. Umechoka? Pumzika kidogo."

Wiki ya mwisho Octavian akamvuta Evelina pembeni.

"Kijana mzuri, Mungu ambariki. Ila Jumamosi mwezi ukiisha, aende tu nyumbani."

"Kakosa nini?"

"Hata sijui, mama! Akiharibu mguu wa meza nauchukua kimyakimya, naurudia mwenyewe. Fundi nisiyeweza kumgombeza nitamfundishaje?"

 Evelina akamfuata Bartolomayo kumtia moyo, akakuta huko nako kunaungua.

"Dada, mimi naacha kazi."

"Wanakuonea?"

"Wananiheshimu." Alilitema neno hilo kwa uchungu. "Octavian Mhehe, mimi Mgogo. Mtani wangu kabisa! Mwezi mzima hajaniita hata ombaomba, kama watani wanavyotuita Wagogo. Dada, msibani kwenyewe watani wanamtania marehemu. Mimi nimezidi maiti?"

Aibu ikamshika Evelina mpaka masikioni. Huo mlango aliufunga yeye mwenyewe, na kufuli juu. Angeweza kuwakusanya mafundi tena awape ruhusa, lakini utani wa kuruhusiwa na semina una ladha gani?

"Basi mchokoze wewe," akanong'ona. "Mimi sijasema kitu."

Jumamosi asubuhi Octavian akaingia karakanani, uso wa huzuni, maneno ya kuagana ameshayapanga. Bartolomayo akasimama.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Fundi... yule mbwa... wa jirani..." Maneno yalikuja moja moja, kwa mwendo wake. Randa zikasimama. Kila mtu akangoja. "Haonekani... tangu jana. Umemla... peke yako?"

Lo! Wahehe na mbwa ni utani wa tangu enzi za mababu, lakini kutoka kwa huyu? Evelina akajibanza nyuma ya kabati, roho juu. Octavian akatoa macho. Mashavu yakamvimba, halafu kicheko kikamtoka, mikono yote miwili kiunoni.

"Mgogo wewe! Humlilii mbwa, unalilia hukupewa mfupa! Ombaomba mkubwa! Kumbe una mdomo hivi, siku zote umeninyamazia?" Akainyakua kazi ya jana pale chini. "Na huu mguu umeusugua kwa msasa au kwa majani? Ona mikwaruzo! Rudia wote! Na Jumatatu saa moja kamili uwe hapa. Ukichelewa utanitambua."

Mafundi wakashangilia. Bartolomayo alicheka mpaka msasa ukamponyoka mkononi.

"Unachekelea nini? Okota!" Octavian akafoka.

Evelina akachomoka nyuma ya kabati, akainama haraka auokote. Bartolomayo akaukanyaga kwa kiatu.

"Dada," akasema taratibu, "nimeambiwa mimi."