Jina Lililobaki Kwenye Kadi

Huku kwetu Rungwe gari halijulikani kwa kadi, linajulikana kwa mwenye nalo. Simama stendi ya Tukuyu uulize pikapu nyeupe yenye bodi ya mbao ni ya nani. Hata mama muuza mahindi ya kuchoma atakuambia ni ya mjomba wangu, na atakuongezea bila kuombwa kwamba mjomba ni mtu mgumu. Kwa hiyo mjomba alipoinunua kwa mtu mmoja wa Kyimo, walipeana mikono mbele ya mashahidi wawili, wakala ndizi kwa nyama, wakaagana. Hawakuandikiana chochote. Shahidi mmoja ameshakufa, na yule mwingine hakumbuki hata alikula nini jana.

Mimi ni fundi cherehani, nimezoea kupima kabla ya kukata. Nilimwambia mara nyingi akabadilishe jina kwenye kadi ya gari. Alinicheka. Kubadilisha kadi, alisema, ni mambo ya watu wa Dar wasioaminiana. Nani atakuja kumdai gari ambalo Tukuyu nzima inajua ni lake? Nikaacha kumwambia, maana mjomba ni mtu ambaye ukimwonyesha shimo atakueleza kwamba yeye ndiye aliyelichimba.

Halafu mama mkubwa akafa. Huyu alikuwa dada wa mama yangu, wa pekee, aliyeolewa ng'ambo ya mto Songwe, nchi jirani, upande wa Karonga, ambako lugha ya watu ni karibu ile ile ya kwetu na ndizi ni zile zile. Walikuwa hawajaonana tangu kiharusi kilipomchukua mama upande wa kushoto. Simu ilipoingia asubuhi na habari, mama hakulia. Alisema anataka kuvalishwa, apelekwe, akamwone dada yake uso kabla hajafunikwa. Nilijaribu kumweleza habari ya safari na joto la bondeni, akanitazama kwa jicho lake zima.

"Nikimwona uso nitajua amekufa," alisema. "Nisipomwona, nitakuwa namsubiri."

Hilo ndilo alilotaka, wala hakuongeza jingine. Mazishi yalikuwa alasiri ile ile, na ndugu wa kule walituahidi kwamba jeneza litabaki wazi hadi tufike. Mjomba akaleta pikapu. Tukampakia mama kiti cha mbele, tukamfunga kwa kanga ili asiegemee mlangoni, mimi nikajibana katikati, tukateremka kuelekea Kasumulu. Pale migomba inapoanza kuachia mashamba ya kakao na mpunga, mama alivua sweta. Mjomba aliimba nyimbo za mazishi njia nzima, kwa sauti ya mtu anayesikilizwa.

Mpakani karatasi zetu za kusafiria zikagongwa muhuri bila shida. Ilibaki gari. Afisa aliyekagua magari alikuwa kijana mwenye adabu, ile adabu ambayo huwezi kuitia kosa. Alimpa mama pole ya msiba. Alifungua boneti, akasoma namba ya injini, akainama akasoma namba ya chesesi, akarudi kwenye kadi. Kila kitu kililingana. Kisha akafika kwenye jina la mmiliki, akamtazama mjomba, akaomba kitambulisho chake tena.

Mjomba akaeleza kwamba lile jina ni la rafiki yake aliyemuuzia, ambaye walipata naye kipaimara siku moja. Afisa akauliza barua ya mwenye gari ya kumruhusu kuvuka nalo iko wapi. Mjomba akauliza barua ya nini, wakati gari ni lake. Walizunguka hapo muda kidogo. Afisa akasema magari ya wizi kutoka Mbeya na mbali zaidi hupitishwa pale pale, kila moja na dereva wake mwenye maelezo mazuri. Lakini kwa kuwa ni msiba, na kwa kuwa kuna mama mgonjwa, angetusaidia. Mwenye jina akithibitisha kwa simu, tutapita.

Mjomba alicheka kwa furaha. Aliitaja namba ya simu kwa kichwa, bila kusitasita, kama mtu anayetaja namba ya zaburi. Alisisitiza afisa aweke sauti kubwa ili sote tusikie jinsi anavyoheshimika. Afisa akaja na simu hadi kwenye mlango wa gari, uliokuwa wazi kwa ajili ya hewa ya mama.

Alijitambulisha, akataja namba za gari, akauliza kama ndiye mwenyewe.

"Ndiyo mkuu," sauti ilijibu. "Hilo gari ni langu."

Afisa akataja jina la mjomba, akauliza kama amemruhusu kuvuka nalo. Nikasikia kuku wakilia upande ule wa simu.

"Huyo simjui."

Mjomba akainama kwenye simu, bado anatabasamu. Alimwambia aache utani bwana, tuna msiba, dada amefariki Karonga, tunakwenda kuzika na muda umekwisha.

"Mkuu, mwambie msiba usubiri," ile sauti ilisema, taratibu kabisa. "Parachichi ndizo haziwezi kusubiri."

Simu ikakatwa. Afisa akapiga tena, haikupatikana. Hapo adabu yake haikupungua, ila iliganda. Aliomba funguo. Alisema gari limezuiwa hadi mwenye nalo apatikane au polisi waje kulichukua, na kwamba mjomba asiondoke pale. Mjomba alianza kupaza sauti, akimwambia kwamba Tukuyu nzima inamjua. Kijana akamjibu kwamba hapa si Tukuyu.

Mama hakuwa ameondoa macho kwa kaka yake mdogo. Alimwita karibu.

"Parachichi gani?"

Mjomba akasema ni maneno ya mlevi. Mama akauliza tena, kwa Kinyakyusa, kwa sauti ambayo nadhani aliitumia walipokuwa watoto na yeye ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni. Mjomba akatazama chini, akasema.

Mtu yule wa Kyimo aliuza gari ili amtibu mkewe. Hilo tulilijua sote. Tusilolijua ni kwamba mkewe alipofia hospitali pale Tukuyu, msimu wa mvua, mume alimpigia mjomba akimwomba lile gari, lile lile, limbebe marehemu hadi Kisondela kwao. Barabara ilikuwa tope, magari mengine yaligoma kuingia. Mjomba alikuwa amejaza parachichi za mnunuzi wa Mbeya. Alimjibu kwamba msiba unaweza kusubiri, parachichi haziwezi. Mume akampeleka mkewe kwa trekta la kukokota mchanga, na jeneza, alivyosimulia mjomba mwenyewe, lilifika limepasuka upande mmoja kwa kuruka-ruka. Mjomba hakwenda kwenye mazishi. Aliona aibu, alisema. Siku nyingi baadaye walikutana gulioni, mtu yule akampa mkono, akamuuliza habari za nyumbani, na mjomba akahesabu kwamba yamekwisha.

Anayejua watu wa kwetu anajua hilo ni kosa gani. Mnyakyusa unaweza kumnyima chumvi, shamba, hata binti, mkapatana. Ukimnyima kumzika mtu wake, hakukasirikii. Anakuweka akiba. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na mjomba pale alikuwa ameshika tumbo kana kwamba ndio kwanza anausikia ukiingia.

Nilimchukia mjomba wakati ule, nikamchukia na yule wa Kyimo, nikamchukia na kijana mwenye adabu, halafu nikaona chuki haimfikishi mama Karonga. Nikavuka daraja kwa miguu kutafuta gari la upande wa pili. Mafuta kule yalikuwa hayapatikani siku nyingi. Teksi zilikuwa zimelala zimejipanga, madereva wamelala ndani. Kilichotembea ni baiskeli za abiria. Nikamfikiria mama, mguu mmoja hausikii, mkono mmoja hausikii, amekalishwa nyuma ya baiskeli hadi Karonga. Nikarudi kumuuliza, maana sikuwa na lingine. Alikubali. Tukajaribu, mimi na wanaume wawili wa baiskeli waliovuka nami, tukamweka. Aliporomoka kabla baiskeli haijatembea, akapasuka mdomo. Alitaka tujaribu tena. Wale wanaume ndio waliokataa.

Tukamkalisha kwenye benchi chini ya bati. Ndugu wa Karonga walipiga kuuliza tuko wapi, wakapiga tena. Mchungaji alikuwa ameshafika, na wingu lilikuwa linakusanyika. Walisubiri kuliko walivyoahidi, siwalaumu. Mwisho binamu yangu akaniambia hawawezi zaidi, lakini atapiga picha ya marehemu anitumie kwenye simu, mama amwone hivyo.

Mtandao wa pale unajua kutesa. Picha ilikuja ukungu, ikakaa ukungu, kisha ikafunguka kuanzia juu, kitambaa cheupe, paji, macho yaliyofumbwa. Nikamsogezea mama. Aliiangalia muda mrefu, midomo ikicheza. Nilifikiri yametosha. Kisha akanyoosha mkono wake mzima, akamgusa dada yake shavuni kwa kidole, kama tunavyowagusa wafu wetu tunapowaaga. Picha ikateleza ikaondoka. Ikaja nyingine, ya akina mama wamekaa chini wanamenya ndizi za msibani, mmoja anacheka na kamera.

Nikarudisha picha ya kwanza haraka. Mama alikuwa ameshageuza uso.

"Toa," alisema.

Baadaye kidogo simu ya binamu ilisema wamemaliza kuzika na mvua imeanza.

Kabla mvua ile haijatufikia, simu ya afisa ikalia. Alikuwa ni yule wa Kyimo. Afisa aliongea naye akiwa amesimama mbele yetu, na naona alikuwa amechoka na sisi, kwa sababu alituuliza swali la mwenzake moja kwa moja, bila kulipamba.

"Anauliza, wameshazika?"

Mimi ndiye niliyesema ndiyo.

Afisa akamwambia ndiyo. Akasikiliza. Akashusha simu, akaenda ofisini, akarudi na funguo. Mwenye jina alikuwa amesema kwamba alichanganya mambo, umri nao ni kitu kibaya, gari alishaliuza zamani kwa bwana huyu na yuko tayari kuandika barua yoyote inayotakiwa. Sasa tunaweza kuvuka. Kijana alisema hivyo kwa upole, nadhani alijua kabisa kilichofanyika mbele yake. Akatushauri tukabadilishe kadi.

Mjomba alitaka kuvuka. Alisema tufike hata kaburini, tuweke ua, tusaini daftari la rambirambi. Mama akasema turudi nyumbani. Nikamfuta damu ya mdomo, tukamfunga tena kwa kanga, tukaanza kupanda. Mjomba hakuimba. Alianza kumlaani mtu wa Kyimo, kwamba amemkosea mama asiyehusika, kwamba ana roho ya fisi, kwamba atamfikisha mbele ya mchungaji. Mama alimwacha aseme hadi tukaanza kuiona chai pande zote za barabara na baridi ikaingia dirishani.

"Yeye nimemwelewa," alisema. "Wewe ndiye sikuelewi."

Mjomba akajitetea kwa kumtaja mnunuzi wa Mbeya.

"Mimi nikifa," mama alisema, "wewe usije."

Nimesikia watu wakitukanwa kwa kila namna katika maisha yangu, na wateja wa cherehani wanajua kutukana. Sijasikia neno zito kama hilo. Mjomba alisimamisha gari kando ya barabara, akaweka mikono miwili kwenye usukani, akasubiri mama acheke, au alie, au amalizie. Mama alimwambia aendeshe, anasikia baridi.

Tangu hapo mjomba anakuja. Analeta maziwa, analeta ndizi, analeta parachichi zake bora zilizokusudiwa mnunuzi. Mama hupokea. Humwambia ndaga, asante ya kwetu, humkaribisha chai, humuuliza habari za wajukuu, wanaongea mambo ya zamani hadi wanacheka. Mtu akiingia ghafla ataona ndugu wanaopendana, na sidhani atakuwa amekosea. Lakini lile neno hajaliondoa. Kadi mjomba ameshabadilisha, alikuja nayo mbiombio kumwonyesha mama jina lake likiwa limechapwa vizuri. Mama akaitazama, akasema imependeza, akamrudishia.

Mwanzoni akiondoka alikuwa akininong'oneza mlangoni kama mama amesema lolote. Nilikuwa namjibu hapana, na sikujisumbua kulainisha. Sikumwombea msamaha. Ningeweza, mama hunisikiliza mimi kuliko wote, lakini kila nikijaribu kuanza nakumbuka kile kidole na lile shavu likiteleza.

Mwaka huu mama amedhoofu sana. Wiki iliyopita alishindwa kumeza uji. Mjomba alimshika mkono mzima mchana kutwa, na mama hakuuvuta. Jioni nilimsindikiza hadi kwenye gari. Alikaa kwenye usukani bila kuwasha. Kisha akaniuliza kama siku hiyo ikifika, asipoingia kabisa uani, asipomgusa mtu wala kula chochote, akisimama tu barabarani wakati tunafukia, itakuwa vibaya.

Nikamwambia barabara ni ya wote.