Mhakiki wa Rumonge aliyekuwa akiondoka kabla ya mwisho

Ni saa tisa kasorobo alasiri, na madereva wa Rumonge wanaokwenda Magara wanapiga honi kuita abiria wa mwisho. Ndani ya ukumbi wa matofali, Asmani Nuhu anazisikia honi hizo na hainuki. Mkewe, Riziki, anamgusa goti. Asmani anatikisa kichwa na kuendelea kutazama jukwaa.

Kwa watu wa ufukwe huu wa ziwa, hiyo ni habari. Tangu vita vilipopamba moto, barabara hufungwa saa kumi na gari la mwisho huondoka saa tisa. Kwa miaka mitano Asmani, mhakiki pekee wa michezo ya kuigiza mjini hapa, ameinuka kabla mchezo haujaisha ili akimbilie kwake Magara.

Ana miaka hamsini na sita. Sokoni huwaandikia watu barua za maombi kwa mashine ya chapa, faranga mia mbili ukurasa. Uhakiki haumpi hata kikombe cha chai. Huuchapa kwenye karatasi moja na kuubandika mlangoni pa kinyozi, na mji mzima huusoma ukisubiri zamu ya wembe.

"Zamani teatre ilikuwa kitu," anasema. "Watu walitoka mpaka Kabonga na mikeka yao. Muchezaji akikosea, bibi mumoja anasimama: 'We mutoto, rudilia.' Na anarudilia." Anacheka hadi miwani inamteleza. Kisha anaivua na kuipangusa, maana mji ule wa zamani anaukumbuka na unamuuma.

Siku hizi mashirika ya misaada ndiyo yanayolipia michezo mingi, ili ihimize amani. "Amani ni nzuri," anasema, "lakini wachezaji wamekuwa wahubiri. Kila mutu iko anasema kama anasoma tangazo."

Ulimi huo ndio uliomponza. Februari mwaka huu wa 2001 alitazama mchezo wa kikundi cha Mwasiti, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, anayeongoza waigizaji saba. Saa tisa kasorobo akaondoka kama kawaida yake. Kesho yake akabandika: "Mwisho ni dhaifu. Mama anarudi kwenye nyumba iliyoungua, analia, basi. Tumeshayaona." Alikuwa amekisia. Alishazoea kukisia, na mara nyingi alipatia.

Njia ya mwongo ni fupi. Mwasiti alifika kwa kinyozi na sinia lake la ndagala kichwani. "Muzee Asmani, mie silii mule ndani. Hata tone. Ulimuona nani analia?"

Habari ikaenea kwamba Asmani hakuuona mwisho. Watu waliacha kusoma karatasi zake, na aliyekuwa bado akiisoma alikuwa akiicheka. Mwasiti naye, kwa sababu ya karatasi ile, alicheza mara mbili mbele ya viti vitupu.

"Nilitaka kufa kwa haya," anasema Asmani. "Miaka makumi mbili na mbili watu waliamini jicho yangu. Nikaliuza kwa kiti cha gari."

Dawa ilikuwa moja: kuutazama mchezo wote, na kulala Rumonge. Lakini Magara usiku husikika risasi, na Riziki hulala na viatu miguuni. Asmani hakuweza kumwacha peke yake. Leo amekuja naye, na watalala kwa dada yake Riziki.

Jukwaani, Mwasiti, ndiye mama aliyerudi nyumbani, halii. Anafagia majivu, anapanga sahani sita chini, kisha anaita majina ya majirani waliokimbia, moja moja. Ukumbi unamjibu: "Iko njiani." Kufikia jina la nne, Riziki naye anajibu kwa sauti. Asmani ameiweka kalamu chini. Anayelia ni yeye, mbele za watu.

"Sasa umeona," Mwasiti anamwambia nje.

"Nimeona, mama. Unisamehe."

"Basi andika. Na uandike kama sahani zile zilitoka kwangu nyumbani, shirika halikuleta hata moya."

Anaahidi ataandika. Lakini anakiri kwamba kuna michezo mingine minne aliyoihukumu bila kuona mwisho. Anataka kuvifuata vikundi hivyo, avibembeleze vimchezee mwisho tu, hata uani. Viwili viko Nyanza-Lac. Viwili vimekimbilia kambi za wakimbizi Tanzania.

"Wale wa kambini nitawangoja vita iishe," anasema Asmani. "Ninaomba warudi wote. Mumoja tu akikosekana, ule mwisho sitauona kamwe."