Daftari la Upepo

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa nikihudumia wazee majumbani mwao, pande za Wembley, London. Mmoja wao alikuwa mwanamke wa Kiingereza, karani mstaafu wa nyaraka za kale, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha. Ofisi iliyoniajiri ilinipa dakika arobaini na tano kwake: kumwogesha, kumpa dawa, kumpikia uji. Akiwa anakula, alitaka asomewe.

Hakutaka gazeti. Alitaka daftari lake mwenyewe. Kwa miaka mingi, kila alipokuta neno la upepo katika barua za mabaharia au maandishi ya mapadri wa zamani, alilinakili kama lilivyoandikwa: wynd, winde, wynde, vynd. Kurasa na kurasa.

Siku ya kwanza niliyasoma yote kwa namna moja, kama linavyoandikwa leo, wind, wind, wind, maana niliona ni makosa ya watu ambao hawakusoma. Akaweka mkono juu ya ukurasa.

"Unasoma kilichoandikwa, au unachokijua?"

Nikaona haya kidogo. Nikaanza upya, herufi kwa herufi, kama tulivyofundishwa kusoma Kiswahili: win-de.

Akaacha kijiko. "Rudia."

"Win-de."

"Zamani sana ndivyo walivyotamka," alisema. "Hiyo e ya mwisho ilikuwa na sauti. Waingereza wenzangu wote wanaonisomea huimeza."

Siku nyingine akaniuliza kwetu upepo unaandikwaje. Nikamwambia upepo, basi, namna moja tu.

"Tangu lini?"

Ndani ya basi, nikirudi nyumbani, nikakumbuka barua za babu yangu wa Unguja, aliyeandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kiarabu hakina p, kwa hiyo babu aliweka b, na irabu zake zilikuwa tatu tu, a, i na u. Asiyeijua lugha angesoma ubibu. Sisi tulisoma upepo bila kusita, ingawa nilipoanza skuli nilimcheka.

Wiki iliyofuata nikamweleza. Akanitaka nimtajie herufi moja moja, kisha niandike daftarini, chini ya yale ya kwao. Niliandika kwa mwandiko mbaya. Sikuwa nimeandika Kiarabu tangu nilipotoka chuoni kwa mwalimu wa Kurani.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

Akapitisha kidole juu ya wino, ukachafuka.

Majira ya baridi alianguka bafuni, siku isiyokuwa zamu yangu, akahamishiwa makao ya wazee karibu na kwa mpwa wake, nje ya London. Nilimpigia simu mpwa kuulizia daftari. Alikuwa mtu mpole. Alisema karatasi zilikuwa nyingi, hakumbuki zipi zilikwenda wapi. Ofisi ikanipangia mzee mwingine, kule Hounslow, aliyependa redio na hakupenda mazungumzo. Nilimhudumia miaka minne.