Mkono wa Katekista Maximilian

Kwa miaka thelathini na moja Maximilian Amnaay alikuwa katekista wa kigango kimoja cha Kikatoliki pale Endagikot, na kwa miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumwona akionja pombe. Kwenye sherehe, kibuyu kikizungushwa, kikifika kwake kilimruka kama mbuzi anavyoruka mfereji. Vijana walimtania kwamba siku akifa atazikwa na kreti ya soda. Yeye alicheka tu. Sifa hiyo aliipenda kuliko shamba lake.

Kisha mkono wa kulia ukaanza kutetemeka.

Ulitetemeka ukiwa umepumzika juu ya paja, kidole gumba kikisugua cha shahada kama mtu anayepukuchua mahindi. Akiushughulisha ulitulia. Lakini maandishi yake kwenye daftari la ubatizo yalizidi kuwa madogo, hata jina la mtoto Loveness, ambalo lilianza vizuri, likaishia kama nyayo za sisimizi. Kufunga vifungo vya shati kukawa kazi ya nusu saa.

Wa kwanza kuliona jambo hilo alikuwa shemeji yake Restituta, mjane wa kaka yake Nicodemo. Restituta alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka kumi na tisa. Alistaafu ualimu, ukuu akabaki nao. Tangu amzike mumewe, hakuna neno lililotoka wala kuingia katika ukoo wa Amnaay bila yeye kulikagua.

"Shemeji, mkono huo utie mfukoni."

"Hadi lini?"

"Hadi utulie. Watu wa hapa wakiona jani linatikisika, wanasema wameona nyoka."

Akampa na dawa: kitunguu saumu, punje mbili asubuhi na mbili jioni, kwa ajili ya mishipa. Maximilian alitii. Jambo la ajabu, hakusikia harufu yoyote. Akadhani saumu ya mwaka ule haikukomaa, akaongeza punje nne, kisha sita, hadi akawa anamaliza kichwa kizima kabla ya ibada. Waumini wa safu ya mbele wakahamia safu ya tatu, naye akasifu unyenyekevu wao.

Aliyemfumbua macho ni Festo, mwenye bucha.

"Katekista, mimi sikuhukumu," alisema Festo akifuta kisu. "Hata mimi zamani nikitoka kilabuni nilitafuna saumu ili mama watoto asijue. Lakini punguza! Ukizidisha hivyo, hata ng'ombe atajua unaficha kitu."

"Naficha nini, Festo?"

"Mkono mfukoni, mwendo wa kukokota, saumu mdomoni. Unataka nikumalizie hesabu?"

Maximilian alirudi nyumbani bila nyama. Jumamosi ya wiki iliyofuata alitakiwa kwenda Dongobesh kumsemea Hilary, mtoto wa Restituta, aliyetaka kumuoa Agatha. Na mzee Wolfgang, baba yake Agatha, alikuwa ameshatuma neno: binti yake haendi kwenye ukoo ambao msemaji wake ni mlevi.

Kesho yake asubuhi akaenda hospitali. Restituta akaenda naye, ili maswali yaulizwe ipasavyo.

Daktari alikuwa dada mmoja kijana, Justina. Aliwaamkia shikamoo wote wawili, kisha akarudi nyuma hatua moja.

"Mzee, samahani. Umekula nini?"

"Dawa," alijibu Restituta.

Daktari akamtaka aandike jina lake, agonganishe vidole, atembee na kugeuka. Mwisho akamwambia afumbe macho, akamsogezea puani kopo la kahawa lililo wazi, ukingo wake ukimgusa mdomo.

"Hii ni nini?"

Maximilian alivuta pumzi hadi mabega yakapanda. "Ni kopo," alisema.

Ulikuwa ugonjwa wa Parkinson. Daktari alieleza kwamba ndani kabisa ya ubongo kuna seli zinazotengeneza kemikali ya kuuendesha mwili, nazo zilikuwa zinakufa kidogo kidogo. Kupotea kwa harufu huja mapema, pengine miaka kabla ya mkono kutetemeka. Vidonge vingempunguzia, lakini visingemponya.

"Zinakufa kwa nini?" Restituta alishatoa daftari.

"Hatujui yote, mama. Lakini ubongo una walinzi wake, seli zinazozunguka mchana na usiku zikizoa uchafu na kupambana na wadudu. Ni walinzi wema. Bila wao tusingeishi. Katika ugonjwa huu uchafu wa protini hujikusanya, nao wanashindwa kuumaliza. Wanakasirika. Wakikasirika kwa muda mrefu wanamwaga sumu, na sumu ile inawaunguza hata jirani wazima ambao walinzi wenyewe waliwekwa kuwalinda. Wanasayansi bado wanachunguza kama ni wao wanaowasha moto, au wanakuja kuuzima kisha wanauchochea."

Maximilian alimgeukia shemeji yake taratibu.

"Shemeji, hao walinzi umewasomesha wewe?"

Daktari aliinamia karatasi zake ghafla. Restituta akafunga daftari.

Darajani Restituta akasimama. "Habari hii inabaki kwetu," alisema. "Dongobesh ataenda Alex, binamu yenu."

"Na mimi waendelee kuniita mlevi?"

"Mlevi hutubu, shemeji. Neno ubongo likitajwa, watauliza habari za wajukuu. Unataka Hilary akose mke?"

"Alex si ndugu wa tumbo moja na Nicodemo. Ndugu yake ni mimi."

Restituta akamtumia Alex ujumbe abaki nyumbani. Jumamosi wakaenda pamoja, mkono mfukoni.

Kwa mzee Wolfgang walipokelewa vizuri, vizuri mno. Fransiska, shangazi wa Agatha, akaweka mbele ya Maximilian kikombe cha pombe ya mtama kilichojaa hadi mdomoni.

"Kunywa, katekista. Hapa askofu hayupo."

Watu wakacheka. Restituta alitazama mlango. Maximilian akautoa mkono mfukoni, akauweka mezani, nao ukagonga ubao tap, tap, tap, hata pombe ikamwagika.

"Huu ndio mkono mliousikia," alisema. "Pombe sijaionja. Ninaumwa Parkinson. Ni ugonjwa wa ubongo. Humu kichwani kuna askari, wanakula uchafu, halafu wakilewa ule uchafu..."

"Hawalewi!" Restituta alikuwa ameshasimama; katika miaka yote ya ualimu hakuwahi kuvumilia somo likiharibiwa mbele yake. "Ni seli za ulinzi, nazo hukasirika." Akaeleza yote, kwa mpangilio, akirudia sehemu ngumu mara mbili, hadi Fransiska akajikuta anaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi.

Mzee Wolfgang alisikiliza hadi mwisho.

"Unarithiwa?"

 Hilary alitazama viatu vyake. Restituta akafungua daftari la hospitali, akajibu.

"Daktari anasema mara nyingi hapana. Mara chache, ndiyo. Zaidi ya hapo, mzee, sijui, na sitakudanganya ndani ya nyumba yako."

Maximilian alimtazama kwa mshangao. Hakuwahi kulisikia neno "sijui" likitoka kwenye kinywa kile.

"Waliokuja kuposa kabla yenu," alisema Wolfgang, "waliniapia kwamba kwao hakuna aliyewahi kuumwa hata kichwa. Niliwarudisha." Akamgeukia dada yake. "Ondoa pombe hiyo, mletee soda. Na wewe, mwalimu, kaa. Msemaji leo ni yeye."

Restituta akakaa. Maximilian alisema kwa ile sauti ambayo ugonjwa ulikuwa umeipunguza hadi karibu kuwa mnong'ono, ikabidi wakubwa wa pande zote mbili wanyamaze na kuinama mbele ili wamsikie. Ni vigumu kugombana na mtu uliyemtegea sikio. Kabla jua halijapinduka, Agatha akaitwa aingie aseme mwenyewe kama amekubali.