Matuta Yaliyotolewa kwa Ajili ya Mgeni

Mke wangu alikuwa ameshika mikungu ya ndizi kwa mikono miwili wakati lori la kanta lilipomgonga. Mimi nilikuwa mbele nasukuma baiskeli. Sikusikia honi wala breki. Nilijikuta ndani ya mtaro, mguu wangu wa kushoto umegeuka nyuma, ndizi zimetapakaa lami yote. Nikamwita. Watu walikuwa wanaokota ndizi. Nikamwita tena.

Polisi aliniuliza nikiwa kitandani hospitalini: "Na kwani mlikuwa mnatafuta nini juu ya lami?" Nikamwambia, nenda Mitunguu uangalie mwenyewe. Pale kando palikuwa na njia ya miguu tangu nizaliwe. Mkandarasi alipoleta lami, alichimba mtaro palepale kwenye njia, akasema ya watu itakuja baadaye. Akakusanya mashine zake akaenda. Lakini ndizi lazima zifike sokoni, na sisi huku tunazibeba hivi: mmoja anasukuma baiskeli, mwingine anatembea nyuma akishikilia mikungu isiegemee upande mmoja. Huyo wa nyuma hana mkono wa bure, na kugeuka hawezi. Mkandarasi alituona tukipita hivyo kila siku ya soko. Asiniambie hakujua.

Tulikwenda kwa MCA wetu, mwakilishi wa wadi, mpaka askari wa geti akatupa jina. "Watu wa barabara, mheshimiwa hayuko." Na gari lake tunaliona hapo ndani, linaoshwa.

Basi tukajitengenezea matuta wenyewe, ya mawe na udongo, pale watu wanapovukia kwenda sokoni. Mke wangu ndiye aliyepita boma kwa boma akitoa watu na majembe. Na yalifanya kazi! Zile kanta za kununua ndizi, ambazo zilikuwa zinapita kama zimeiba, zikawa zinafika hapo zinanyenyekea. Watoto wa shule wakavuka wakicheka.

Halafu kanisa letu likaalika mheshimiwa mkubwa kutoka Nairobi, aje na harambee ya mabati. Mwenyekiti wa kamati akasimama wakati wa matangazo, akasema matuta yatolewe ili msafara wa mgeni usitikisike. Eti MCA ameahidi kuweka mengine ya lami mara tu mgeni akiondoka.

Mke wangu akasimama kule nyuma na akina mama.

"Mwenyekiti, mgeni atatikisika mara moja tu. Sisi je, tunaovuka hapo kila siku?"

"Mama, keti. Unataka mheshimiwa ajimwagie soda?"

Kanisa zima likacheka. Yeye hakuketi. Alichukua kitabu chake cha nyimbo akatoka nje.

Jumamosi vijana wa kanisa wakayachimba matuta kwa sululu, mwenyekiti amesimama hapo anaonyesha kwa fimbo, MCA ameleta mikate. Jumapili mgeni akaja na helikopta. Ilitua uwanja wa shule, ikawajaza kwaya vumbi. Barabara yetu hakuikanyaga hata kidogo.

Matuta ya lami hayakuja. Siku ya soko iliyofuata kanta ikapita pale bila kupunguza mwendo, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuipunguzisha.

Dereva simtetei. Alikuwa amekuja kununua hizohizo ndizi, na hasira yangu naye ninayo. Lakini mbio za madereva kama yeye tulizijua toka zamani, ndiyo maana tuliweka matuta. Hao wengine walijua pia, wakayatoa.

Kwenye mazishi MCA alisema ni mapenzi ya Mungu. Mwenyekiti akaongoza sala, sauti nzuri kabisa. Mungu hakushika sululu. Mungu hakuchimba mtaro kwenye njia ya watu.

Leo natembea na mkongojo juu ya lami ileile, na mbele yangu naona mama mwingine ameshikilia mikungu, mgongo wake uko kwa magari. Watu wa barabara bado tunakwenda kule getini. Tunaambiwa hayuko.

Sasa mimi nasema hivi. Jumapili, wakati wa matangazo, mwenyekiti asimame palepale aliposimama siku ile, MCA kando yake, na huyo mkandarasi aitwe popote alipo. Waseme mbele ya watu ni nani aliyeamuru, na matuta na njia yetu vinarudi lini. Mke wangu mlimwambia aketi. Nyinyi simameni mjibu.