Seva ya Kasulo Haikuzimwa

Kwa miaka tisa Domisiana alifanya kazi na mtu mmoja tu, Alfonce. Tangu Alfonce alipofariki masika iliyopita, hakuna aliyeletwa kushika nafasi yake. Wawili hao ndio waliokuwa wakitunza seva ya kituo kimoja cha walimu huko Kasulo, kompyuta nyeusi iliyowekwa chumba cha nyuma, ambayo wanafunzi wa shule saba za Ngara na Biharamulo huitumia kusoma na kufanya mazoezi kwa njia ya mtandao. Wenzake kituoni walimsalimia vizuri na kumletea simu zilizogoma kuwaka. Kuhusu kazi yenyewe hakuwa na wa kuongea naye. Kulipokuwa na tatizo, alilieleza kwa sauti ya chini, kana kwamba kiti cha pili bado kina mtu, halafu akajijibu mwenyewe.

Jumatatu moja mwalimu Yohanes alimpigia kutoka Bisibo, moja ya shule hizo saba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Habari za huko?"

"Si nzuri sana. Kurasa za mazoezi zinafunguka nusu, kisha zinakwama. Mtandao wetu ni dhaifu, unajua. Watoto wanaanza jaribio la Kidato cha Nne Alhamisi."

Domisiana alijua dawa yake. Ipo moduli, yaani kipande cha ziada cha programu ya seva, ambacho kazi yake ni kubana kurasa kabla hazijatumwa, ili ukurasa mzito ufike ukiwa mwepesi. Shida ni kwamba seva yao haikuwa nayo. Na baadhi ya programu za seva hujengwa zikiwa bonge moja: ukitaka kuongeza kitu, unaizima, unaijenga upya yote, halafu unaomba Mungu iwake. Wakati huo huo shule nyingine sita zilikuwa katikati ya mazoezi, na jengo hufungwa saa kumi na moja jioni, ufunguo ukiwa kwa mlinzi, hivyo usiku hangeweza kuingia. Kuzima hakukuwezekana.

Akaiamuru seva imtajie vipande vilivyojengwa ndani yake. Orodha ilikuwa fupi, na katikati yake akakiona kile alichokitafuta: kipande kinachoiruhusu seva kupachikwa moduli nyingine kutoka nje, bila kuijenga upya. Alfonce alikuwa amekiweka siku ya kwanza kabisa.

"Asante, kaka," alisema.

Akapakua mtandaoni moduli ya kubana iliyokwisha kutengenezwa, akaiweka kwenye folda ya moduli, akaongeza mstari mmoja kwenye faili la mipangilio kuiambia seva iipakie. Hakuwa na papara. Kabla ya kuiamuru seva isome mipangilio mipya, aliipima mipangilio yenyewe. Jibu lilikuja mara moja: moduli hii imejengwa kwa toleo jingine la seva, haiwezi kupakiwa. Akafuta ule mstari upesi. Angeruka kipimo kile, seva ingeanguka na shule zote saba pamoja nayo, na hapakuwa na mtu wa pili wa kumsaidia kuiinua.

Ilibidi aijenge moduli mwenyewe, kutokana na msimbo, yaani maandishi ya asili ya programu, wa toleo lilelile alilotumia Alfonce. Msimbo huo haukuwa kituoni; Alfonce aliuhifadhi kwenye flashi yake nyumbani. Jumanne saa sita mchana akapanda kilima hadi kwa Clotilda, mjane wa Alfonce, akamkuta akianika maharage uani.

"Vitu vyake vimo kwenye sanduku," Clotilda alisema. "Sijavigusa. Ingia utafute."

Flashi ilikuwa chini ya shati lililokunjwa. Domisiana hakuligusa lile shati zaidi ya ilivyohitajika. Aliaga, akarudi.

Alasiri ile akaijenga moduli. Mara ya kwanza ilikataa, kwani maktaba ya kubana, fungu la msimbo ambalo moduli hiyo hulitegemea, haikuwepo kwenye kompyuta. Akaiweka. Mara ya pili ikakubali, na faili dogo likaonekana kwenye folda. Akaurudisha ule mstari wa kupakia, akaongeza mwingine wa kuiambia seva ibane kurasa za maandishi, akapima. Hakuna kosa. Ndipo akaiamuru seva isome mipangilio upya kwa upole: wanafunzi waliokuwa wakipokea kurasa wamaliziwe kwanza, watakaokuja wahudumiwe kwa mipangilio mipya. Akakaa akiangalia kumbukumbu za seva zikipita kwenye skrini. Hakuna hata mwanafunzi mmoja aliyekatiwa. Ukurasa wa jiografia uliokuwa na uzito wa kilobaiti mia tatu sasa ulitoka na hamsini na nane.

Akageuka kusema kitu. Kiti cha pili kilikuwa kimewekewa maboksi ya chaki.

Nyumbani dada yake Jovina alimuuliza, "Leo umeshindaje?"

"Nimeongeza moduli kwenye seva bila kuizima."

"Haya. Nenda kaoge, ugali unapoa."

Alhamisi adhuhuri Yohanes alipiga tena, sauti yake imechangamka. "Mama, kurasa zinafunguka zote! Nadhani wale wa mnara wa simu wamerekebisha mambo yao. Mtandao umekuwa mzuri ghafla."

"Namshukuru Mungu," Domisiana akasema. "Watoto wanaendeleaje?"

"Wameinamia kazi. Hakuna anayelalamika."

"Basi vizuri, mwalimu."

Jumamosi alirudisha flashi kwa Clotilda. Mvua ikamkuta huko, Clotilda akamkaribisha ndani na kumwekea chai. Walikunywa, mvua ikipiga bati.

"Nikuulize," Clotilda alisema mwishowe. "Mume wangu alikuwa akifanya nini hasa kwenye kile chumba? Miaka yote hiyo, nikimwuliza ananiambia ni mambo ya kompyuta tu."

Domisiana akaweka kikombe chini. Alianza kwa Kiswahili, maneno yakamgomea, akahamia Kihangaza, lugha yao ya nyumbani. Alimweleza habari za ile kompyuta nyeusi, na namna mtu anavyoweza kuijenga leo akiacha nafasi kwa kitu ambacho yeye mwenyewe hajakijua. Clotilda hakuelewa yote. Alimwomba arudie mara mbili, na Domisiana akarudia.

Mvua ilikatika. Hakuna aliyesimama.